Risala ya Waliopona

Iko nchi moja ambayo jina lake silitaji, maana kulitaja kunahitaji kibali, na kibali kinahitaji picha sita. Ukifika mpakani utaitambua tu: ndiyo yenye bango la "Karibuni" kubwa kuliko nyumba zote zilizo nyuma yake. Watu wake ni wapole, wanaamkiana vizuri, na wanaogopa. Wanaogopa kwa utaratibu, bila kusukumana, na Serikali yao imewasaidia kwa kuwajengea ofisi za kutosha za kuogopea.

Katika nchi hiyo cheo cha tatu kutoka juu ni cha Mgeni Rasmi. Kwingine mgeni rasmi hualikwa kwa shughuli, na shughuli ikiisha anarudi kwake. Hawa wanaye wa kudumu. Ameapishwa, ana walinzi, ana msafara wa magari kumi na manne, na gari moja kati ya hayo kazi yake ni kubeba kiti chake. Yeye kazi yake ni kufika. Na kila anapofika, lazima asomewe risala.

Hapo kwenye risala ndipo penye jambo. Sheria Namba Moja ya nchi hiyo, iliyotungwa kabla hata ya wimbo wa taifa, inasema kwamba lolote lililosomwa mbele ya Mgeni Rasmi ni kweli tangu dakika ile, kwa kuwa haiwezekani mtu mzito namna ile asafiri njia yote hiyo kwenda kusikiliza uongo. Kijiji kimoja kiliwahi kusoma kwamba maji ya bomba yamefika. Tangu siku hiyo mwanamke akikutwa mtoni na ndoo hutozwa faini ya kuigiza kiu. Kata ya jirani ilisoma kwamba barabara imetiwa lami. Masika yakija watu hukwama kwenye tope hadi magotini wakiwa kimya, maana kumwita mtu aje kukusukuma ni kuikashifu lami. Mimi nasimulia tu, sina ugomvi na mtu.

Bi Mwantumu Kisaka aliyajua hayo yote, na kwa miaka sitini na moja alikuwa amejitahidi asiikaribie risala. Alikuwa mwoga na hakuona haya kusema. Aliogopa mbwa, aliogopa fomu, aliogopa mwanamume yeyote mwenye kalamu mbili kwenye mfuko wa shati. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia jikoni, mpishi mkuu wa shule ya bweni, akisonga ugali wa watoto mia nne, na alichagua kazi hiyo kwa sababu wakaguzi hawapendi moshi.

Lakini mdogo wake wa mwisho, Sikudhani, akapatikana na saratani ya shingo ya kizazi, na woga wa Bi Mwantumu ukalazimika kujifunza kutembea. Mashine ya mionzi ilikuwa moja tu nchi nzima, katika Hospitali Kuu, kilomita sabini kutoka kwao. Daktari alimwandikia Sikudhani mionzi ishirini na mitano, siku tano kwa wiki bila kukosa. Aliwaambia wote wawili, akiwakazia macho: "Ukikatisha katikati, ugonjwa unarudi na hasira." Bi Mwantumu alilichukua neno hilo akalala nalo kila siku.

Ndivyo kilivyozaliwa chama cha hisani cha Tufike. Watoto aliowalisha zamani, sasa watu wazima wenye vitambi, walichangishana wakanunua Hiace nyeupe iliyochoka. Dereva alikuwa Ndaro, mstaafu wa mabasi ya mikoani, mtu wa maneno machache na honi nyingi. Kila alfajiri gari lilipita nyumba kwa nyumba likikusanya wagonjwa wanane: Sikudhani, Mzee Chilumba wa saratani ya koo ambaye sauti ilishamtoka na sasa alizungumza kwa kuandika katika kidaftari, na wengine sita. Mafuta yalitoka kwenye michango ya sokoni, msikitini na kanisani. Halafu bei ya mafuta ikapanda, na michango, bila kumlaumu mtu, ikashuka. Siku Sikudhani alipomaliza mionzi ya kumi, Jumatatu, Ndaro alisema, "Bi Mkubwa, mafuta yatatufikisha Ijumaa ya wiki ijayo. Baada ya hapo tutasukuma."

Ikabaki mionzi kumi na mitano, na siku tisa za mafuta. Bi Mwantumu akafunga macho, akauandikia barua Mfuko wa Taifa wa Safari Njema.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, na hilo lenyewe lilimtia wasiwasi. Serikali ile ikijibu haraka, kuna kitu. Barua ilisema ombi limekubaliwa, hundi itakabidhiwa Jumamosi na Mgeni Rasmi mwenyewe, na mwenyekiti wa chama, yaani yeye, ataandaa risala na kuipeleka kwa Mhariri wa Risala wa Wilaya ikakaguliwe.

*

Mhariri wa Risala aliitwa Bwana Sekiete. Alikuwa kijana mnyenyekevu mno, na unyenyekevu wake ndio uliowafanya watu wazima washindwe kumeza mate mbele yake. Alisimama Bi Mwantumu alipoingia.

"Shikamoo, mama. Keti, keti. Umekunywa chai?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekunywa," alijibu Bi Mwantumu, ingawa tangu asubuhi hakuna kilichopita kooni.

"Risala yako nimeipenda sana. Mwandiko mzuri, salamu ziko mahali pake, vyeo vya Mheshimiwa umevipanga vyote ishirini na viwili. Ina kosa moja tu dogo." Akaigeuza karatasi ili wote wawili waione. "Ina wagonjwa."

"Wagonjwa?"

"Wanane. Nimewahesabu."

"Lakini mwanangu, chama ni cha kuwasafirisha wagonjwa wa saratani. Nisipowataja nitakuwa naomba mafuta ya nini?"

Bwana Sekiete akatabasamu kwa huruma. "Mama yangu, Mheshimiwa naye ni binadamu. Anaamka kwake, anakunywa supu yake, ana furaha, anasafiri kuja kukupa hundi. Akifika, wewe unamwambia saratani. Hiyo kweli ni adabu?"

Bi Mwantumu alikiri kwamba hiyo si adabu. Aliona mdomo wake ukikiri, yeye mwenyewe akiwa kama amekaa pembeni.

Kalamu nyekundu ikaanza kazi. Kwanza wagonjwa wanane wakawa watano, "ili wasijaze ukurasa." Watano wakawa "baadhi ya wananchi." Baadhi ya wananchi wakawa na changamoto, changamoto ikawa ndogo, kisha ikawa ya zamani. Mwisho Bwana Sekiete akapiga mstari juu ya yote, akaandika kwa herufi nzuri za shule: *Mheshimiwa, tunayo furaha kukutaarifu kwamba wote wanane, kwa juhudi za Serikali, wamepona.*

"Lakini hawajapona," alisema Bi Mwantumu. Sauti ilitoka ndogo.

"Mama, Mfuko unatoa pesa kwa wenye mafanikio. Ukimpa mwenye shida, utajuaje kama hatazimaliza akabaki na shida yake ileile? Wewe soma hivi, hundi utapata, mafuta utaweka, watu wako utawapeleka. Ni maneno tu."

Bi Mwantumu akaisoma tena ile sentensi. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo hajui lilipata wapi nafasi ya kutoka. "Na nikisoma kama nilivyoandika mimi?"

Bwana Sekiete hakukasirika. Aliiweka kalamu chini taratibu, akatazama mlangoni, akatazama dirishani. "Unamkumbuka Mwalimu Mbaruku, yule aliyesoma kwamba darasa halina paa?"

"Namkumbuka. Nilikuwa nikimpelekea maandazi."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui," alisema Bwana Sekiete, na kwa mara ya kwanza tabasamu likamtoka usoni. "Na mimi ndiye ninayetunza daftari la wasomaji."

Bi Mwantumu naye akageuka kuutazama mlango. Ndipo alipokiona, nyuma ya mlango, kibegi kidogo chenye shuka na mswaki. Kila mtumishi wa nchi ile hukitayarisha siku anayoajiriwa, kwa sababu hajui siku atakayofuatwa. Kijana aliyekuwa akimtisha alikuwa amefungasha tayari.

Bi Mwantumu akafanya hesabu aliyoiona ya busara. Barabara haina mdomo wa kujitetea, alijiambia, na bomba halina jina, ndiyo maana karatasi inaweza kulifanyia ipendavyo. Lakini mtu ana faili hospitalini, ana kadi, ana uvimbe ambao daktari ameushika kwa mkono wake. Risala gani itaingia mpaka humo? Akatia sahihi. Jasho la kidole chake likaacha doa juu ya neno la mwisho.

Nyumbani hakumwambia mtu. Sikudhani alionja wali, akaweka kijiko chini, akamtazama dada yake.

"Dada, wali hauna chumvi. Miaka arobaini ya jiko leo umesahau chumvi. Nani kakutisha?"

"Hakuna. Nimechoka tu."

"Haya. Uchovu nao una uso wake, huo wako siujui." Akaendelea kula, maana alikuwa mgonjwa mwenye adabu. Bi Mwantumu akajifanya anatafuta kibiriti.

*

Jumamosi shughuli ilipangwa kuanza saa tatu, kwa hiyo watu waliamriwa wafike saa kumi na mbili na Mgeni Rasmi akafika saa nane. Wagonjwa wanane walikalishwa mstari wa mbele, juani, kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na kikaratasi kifuani kilichoandikwa MNUFAIKA. Kiti cha Mheshimiwa ndicho kilichotangulia kuwasili, na watu wakasimama kukipa heshima.

Hundi ilifuata kwenye lori lake. Ilikuwa ya mbao nyembamba, ndefu kuliko Hiace, na ilibebwa na askari sita. Ilipopitishwa mbele ya wagonjwa iliwatilia kivuli kwa muda, na huo ndio msaada pekee walioupata siku ile.

Bi Mwantumu aliitwa kwenye kipaza sauti. Alisoma salamu, akasoma vyeo ishirini na viwili, akafika kwenye ile sentensi. Hakuinua macho. Alijua Sikudhani yuko hatua nne mbele yake, amevaa kanga aliyomnunulia yeye, anasikiliza. "Tunayo furaha kukutaarifu," alisoma, "kwamba wote wanane, kwa juhudi za Serikali, wamepona."

Makofi yalipasuka. Bendi ikaanza. Mshereheshaji akapaaza sauti: "Waliopona wasimame! Waliopona wacheze Mheshimiwa awaone!"

Wakacheza. Ungekuwa wewe usingecheza? Askari walikuwa wamesimama nyuma ya kila kiti. Mzee Chilumba alicheza akiwa ameshika kitambaa shingoni. Mama mmoja aliyekatwa titi mwezi uliopita alicheza kwa bega moja. Sikudhani alicheza mkono mmoja ukiwa chini ya kitovu, akimtazama dada yake moja kwa moja, na machoni hamkuwa na hasira. Mlikuwa na hofu, ileile iliyokuwa machoni mwa Bi Mwantumu, na hilo lilimuuma kuliko kama angetukanwa mbele za watu.

Mgeni Rasmi akasimama kujibu.

"Ndugu wananchi! Wenzetu huko nje wanatibu saratani kwa dawa. Dawa! Wanatumia miaka, wanatumia maabara. Sisi tumeitibu kwa uongozi!" Makofi. "Nikiwa njiani nilimwuliza msaidizi wangu, hivi gari la wagonjwa kazi yake ni nini? Akanijibu, kwa sababu ni msomi: ni kubeba wagonjwa. Sasa nawauliza ninyi. Wagonjwa wako wapi?"

Watu walisita.

"Nimesema wako wapi?"

"Hawapo!" wakaitikia, askari wakiwa wa kwanza.

"Hawapo! Basi nikitoa fedha za walipa kodi kubebea watu wasiokuwepo, huo si ubadhirifu? Kwa hiyo natangaza hapa hapa: fedha hizi zitajenga mnara wa kumbukumbu ya ushindi huu. Mnara wa gari! La saruji! Lenye taa!"

Hundi ikakabidhiwa, ikapigwa picha, ikarudishwa kwenye lori. Mkono wa Bi Mwantumu uliishika kwa muda usiozidi wa kupiga chafya. Kisha kiti kikapakiwa, Mheshimiwa akapakiwa, vumbi likatimka.

Njiani kurudi nyumbani Sikudhani alicheka. "Kumbe nimepona na hukuniambia," alisema. Akacheka tena, na katikati ya kicheko machozi yakaanza, akayafuta kwa ncha ya kanga.

"Nisamehe, mdogo wangu. Niliogopa."

"Najua uliogopa. Ningesoma mimi ningesema nimezaliwa upya na meno mawili." Akashusha pumzi. "Sasa tunafanyaje?"

"Ni maneno tu yale. Mafuta yapo mpaka Ijumaa. Jumatatu tunakwenda kama kawaida," alisema Bi Mwantumu, akiomba kimoyomoyo iwe kweli.

*

Jumatatu wakaenda kama kawaida. Ndaro alipiga honi kwenye kila kona, wakafika Hospitali Kuu saa tatu kasoro, wakapanga kadi zao dirishani kama walivyozoea. Zamu yao ilipofika, saa tano, karani alizitazama, akazirudisha kwa mikono miwili.

"Hongereni sana," alisema.

"Za nini?" aliuliza Sikudhani.

"Mmepona. Waraka umeletwa jana na pikipiki ya Serikali. Faili zenu zote nane zimefungwa." Akamwonyesha faili la juu. Juu ya jina la Sikudhani palikuwa na muhuri mkubwa wa bluu: AMEPONA. Wino ulikuwa bado unanata.

Bi Mwantumu alishika ukingo wa dirisha. Kisha akakimbia, na alikuwa hajakimbia tangu akiwa msichana, mpaka kwenye chumba cha mashine, akamkuta Yunisi, mtaalamu wa mionzi aliyewazoea wote kwa majina.

"Yunisi, mwanangu, wewe unamjua Sikudhani. Umempanga mwenyewe chini ya mashine mara kumi na nne. Amepona huyu?"

"Hajapona, mama." Yunisi alinong'ona, macho yakiwa mlangoni. "Amebakiza kumi na mmoja. Akikaa hata wiki mbili bila mionzi, tuliyofanya yote yanapotea. Lakini nikiwasha mashine kwa mtu aliyepona, nahesabiwa nimeiba umeme wa taifa. Dada wa zamu iliyopita alimwashia mmoja. Leo nafanya zamu yangu na yake."

"Hakuna njia?"

Yunisi alisita. "Iko moja. Muulize karani. Mimi sijakwambia."

Bi Mwantumu alirudi dirishani. Hakuwa amemaliza kuuliza, karani akavuta droo na kutoa karatasi tatu zenye nakala. Katika nchi ile fomu za dawa huisha, fomu za pensheni huisha, hata vyeti vya kuzaliwa huisha watoto wakasubiri. Fomu ile peke yake haijawahi kuisha. Ilikuwa Fomu Namba Tisa, ya Kukiri Kumdanganya Mgeni Rasmi.

"Ni rahisi sana, mama," alisema karani. "Msomaji akikiri kwamba alidanganya, risala inakufa palepale na mambo yanarudi yalivyokuwa. Inafanya kazi papo kwa papo. Hapa unaandika jina la kila mtu uliyemdanganyia. Kila jina ni mwaka mmoja gerezani." Akaangalia saa ya ukutani. "Ila fanya haraka. Mashine leo inazimwa saa sita, umeme wake unahamishiwa kwenye taa za majaribio za mnara fulani."

Ilikuwa saa tano na robo. Kutoka kwenye kibanda cha polisi cha pale hospitalini koplo mmoja alishasogea, pingu mkononi, maana huduma ile ilikuwa na wahudumu wa kutosha.

Bi Mwantumu akaketi. Sikudhani alimshika bega. "Dada, simama. Twende nyumbani. Twende tukapike, nina njaa."

"Ningoje kidogo."

"Sitaki uandike. Unanisikia? Hata langu sitaki."

"Nakusikia," alisema Bi Mwantumu, akaandika: *Sikudhani Kisaka.* Mwaka mmoja. Jina lilionekana limeandikwa ndani ya gari linalokwenda.

Kisha kalamu ikasimama. Nitasema kweli, kwa kuwa hakuna Mgeni Rasmi anayenisikiliza: alitaka kuishia hapo. Mwaka mmoja atauweza, aliwaza. Atapika huko gerezani, atatoka na miaka sitini na miwili, atamkuta mdogo wake mzima. Minane je? Atatoka ana miaka sitini na tisa, kama atatoka. Alimwona Mwalimu Mbaruku akipokea maandazi dirishani na kusema asante. Aliona aibu kwa kuwaza hivyo, lakini woga ulikuwa mkubwa kuliko aibu.

Akainua macho kuwatazama wale saba, akitarajia kuwakuta wamemkodolea. Hawakuwa wamemkodolea. Walikuwa wamesogea mpaka kwenye benchi la mbali na kumgeuzia mgongo kwa adabu, ili wasimlazimishe kwa macho. Mama wa bega moja alikuwa anakunja kadi yake ya hospitali taratibu, anaiweka kwenye mkoba kama mtu aliyefunga duka. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeomba. Walikuwa wamezoea kupitwa, na walijiandaa kupitwa kwa heshima.

Mzee Chilumba peke yake alimjia. Akamfungulia kidaftari: *Mimi niruke. Nina miaka 74. Usipoteze mwaka kwangu.*

Hapo Bi Mwantumu akalia. Alilia kwa sauti, pua ikatiririka, na huku akilia akaandika jina la Mzee Chilumba la pili, kabla mzee hajakiondoa kidaftari. Akaandika la mama wa bega moja. Akaandika yote. Kila jina lilitoka baya kuliko lililotangulia, na karani, ambaye alikuwa mtu wa kazi, alimtajia herufi alizozisahau.

"Nane," alisema karani, akagonga muhuri. Palepale faili nane zikafunguliwa. Hatia ndiyo huduma pekee iliyotolewa siku hiyohiyo katika nchi ile, na ilitolewa vizuri.

Ndaro alikuwa amekuja kutoka kwenye gari, kofia mkononi. Bi Mwantumu akamgeukia haraka kabla sauti haijamtoroka.

"Ndaro, mafuta ni mpaka Ijumaa. Baada ya Ijumaa kaombeni sokoni. Kaombeni msikitini, kanisani, kaombeni hata harusini. Penye kipaza sauti msiombe."

"Nimesikia, Bi Mkubwa."

"Sikudhani asikose hata siku moja. Bado kumi na mmoja."

"Hatakosa. Nitamsukuma mwenyewe."

Koplo akakohoa. Alikuwa kijana wa rika la watoto aliowalisha mwisho, na pengine alishakula ugali wake. "Mama, twende," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Unaogopa?"

"Naogopa sana, mwanangu. Miguu siisikii." Bi Mwantumu alishika ukuta. "Niache kwanza nisikie mashine ikiwaka. Nisipoisikia sitaamini."

Koplo akatazama kushoto, akatazama kulia. "Dakika moja," alisema.

"Sikudhani Kisaka!" aliita Yunisi kutoka mlangoni, kwa sauti kubwa ya kazi, ya mtu aliyepata ruhusa. Sikudhani alimkumbatia dada yake, akamng'ang'ania, mpaka Yunisi akaja kumtoa kidole kimoja kimoja kwa sababu ilikuwa saa sita kasoro dakika arobaini na watu walikuwa wanane. Mlango mzito ukafungwa. Taa nyekundu juu yake ikawaka, na ndani mlio wa mashine ukaanza, mnene, usiokatika.

Dakika moja ikapita, na ya pili. Koplo hakutazama saa. Bi Mwantumu alisimama ameegemea ukuta, macho kwenye taa nyekundu, mpaka ilipozimika na mlio ukakoma. Ndipo akanyoosha mikono yote miwili.

"Wa kumi na tano," alimwambia koplo. "Haya, funga."